Kadi Imegoma, Picha Bado Zimo

Zima kamera, toa kadi, na kama ni ile SD ya kawaida sogeza kiswichi chake cha pembeni kwenye upande wa Lock. Fanya hivyo kabla hujasoma aya inayofuata. Usipige picha nyingine eti kujaribu kama imepona. Usiipachike kwenye simu uone kama itasoma, kwa sababu Android ikishaipokea kadi huandika folda zake humo, LOST.DIR na nyinginezo, bila kukuuliza. Na kamera ikikwambia kadi haijafomatiwa, huku neno la kufomati likimetameta mbele ya macho yako, liache limetemete. Kama uko kazini na MC ameshaanza kuita upande wa bibi harusi waje mbele, weka kadi nyingine uendelee. Huna nyingine? Azima kwa mtu wa video. Aibu ya kuazima itaisha kabla keki haijakatwa.

Haraka hiyo yote ina sababu moja. Kamera inapohifadhi picha huandika mahali pawili: picha yenyewe mahali pamoja, na mahali pengine orodha inayosema faili IMG_0412.JPG lina ukubwa kadhaa na linaanzia sehemu fulani. Mara nyingi kinachoharibika ni orodha. Ni kama nyumba ya wageni iliyopoteza daftari la mapokezi: wageni wangali wamelala vyumbani, ila kila anayekuja kuwaulizia anaambiwa hakuna mtu. Balaa linaanza pale mhudumu anapogawa vyumba hivyo kwa wageni wapya. Picha moja ya majaribio, megabaiti 10 tu, inatosha kuufunika uso wa bibi harusi uliokuwa mahali hapo, na ukishafunikwa hakuna programu wala fundi wa kuurudisha.

Hata kufuta kwa makusudi si kufuta hasa. Kwenye FAT32, mfumo wa kadi za SDHC za hadi 32GB, picha ikifutwa herufi ya kwanza ya jina lake kwenye orodha inabadilishwa kuwa alama E5, na nafasi yake inaandikwa kuwa huru. Picha yenyewe haiguswi. Kadi kubwa zaidi, zile za SDXC, hutumia exFAT, na huko pia kinachobadilika ni alama tu. Kufomati ndani ya kamera, kwa kawaida, ni kuandika orodha mpya iliyo tupu. Kwa hiyo aliyefomati kadi kimakosa akaacha papo hapo ana matumaini makubwa kuliko aliyepoteza picha tatu kisha akaendelea kupiga mia tano.

Kuna namna za kufomati ambazo hazina msamaha. Kamera za Canon zina kisanduku kiitwacho Low level format. Kikiwa kimewekwa tiki, matumaini ni finyu sana. Kwenye Windows, tangu Vista, ukifomati bila tiki ya Quick Format kompyuta inapita kadi nzima ikiandika sifuri. Programu ya SD Association ya kufomati kadi nayo ina chaguo la Overwrite, ambalo linafanya kazi hiyo hiyo. Ikiwa ndicho kilichotokea kwako, jitayarishe kumkabili mteja badala ya kukesha na programu.

Je, ni kadi kweli?

Kabla ya kuihukumu kadi, hakikisha mkosaji si kitu kingine. Visoma kadi vya bei ya chini hufa haraka, na meno yake ya ndani yakipinda kidogo kadi nzima huonekana mbovu. Jaribu kisoma kingine, na tundu jingine la USB, ikiwezekana kompyuta nyingine. Kiswichi kikae kwenye Lock muda wote huo. Fahamu lakini kwamba kile ni kipande cha plastiki tu: kadi yenyewe haijui kama imefungwa, kisoma ndicho kinachokiangalia na kutii, na vipo visivyotii. MicroSD haina kiswichi kabisa, lakini adapta yake inacho.

Sisi wa pwani tuna tatizo jingine. Hewa ya chumvi na unyevu wa Mombasa, Unguja au Dar hukaa juu ya vile vipande tisa vya rangi ya dhahabu mgongoni mwa kadi, navyo vikishika uchafu au kutu kidogo kamera inalalamika kana kwamba kadi imekufa. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti ya isopropili, futa polepole, acha ikauke, jaribu tena. Err 02 kwenye Canon, kwa mfano, maana yake ni kwamba kamera imeshindwa kuifikia kadi. Haisemi kwamba picha zimeharibika, na wakati mwingine kufuta huko kunamaliza kesi.

Sony ina kisa chake. Inatunza orodha ya ziada ya picha kwa ajili ya kuzionyesha kwenye skrini, na orodha hiyo ikivurugika kamera inakuomba ruhusa ya kuitengeneza upya. Usikubali upesi. Iweke kadi kwenye kompyuta kwanza. Mara nyingi utazikuta picha zote ndani ya folda ya DCIM, nzima, na kazi yako itakuwa kunakili tu.

Kwenye kompyuta nako kuna mitego. Windows ikikutana na kadi iliyovurugika itakuambia uifomati ndipo uitumie, au itajitolea kuichunguza na kuirekebisha. Kataa yote mawili. Huko kurekebisha, yaani kazi ya chkdsk, ni kuandika juu ya kadi: inaiweka orodha sawa kwa faida ya mfumo, na mabaki ya picha zako inayageuza kuwa mafaili ya FILE0000.CHK ndani ya folda ya FOUND.000. Wapo mafundi wanaoanza na hiyo kwa sababu ni ya haraka na ipo tayari kwenye kila kompyuta. Fundi akikuambia "ngoja niirepea kwanza", chukua kadi yako, mshukuru, ondoka.

Tengeneza pacha kwanza

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na ndipo ninapokusihi usiruke. Kadi inayokufa haina ahadi. Inaweza kusomeka mara hii isisomeke tena. Kwa hiyo safari yake moja iliyobaki itumie kuinakili yote, sekta kwa sekta, pamoja na sehemu zinazoonekana tupu, iwe faili moja kubwa ndani ya diski yako. Baada ya hapo kadi inarudi kwenye kikasha chake na kazi zote zinafanywa juu ya pacha. Ukikosea, unajaribu tena juu ya nakala bila hasara yoyote.

Andaa nafasi. Pacha wa kadi ya 64GB ni faili la gigabaiti 64 hata kama kadi ilikuwa na picha kumi. Diski ya nje iliyofomatiwa FAT32 italikataa, kwa sababu FAT32 haipokei faili moja linalozidi 4GB. Diski iwe ya NTFS au exFAT. Na muda: kisoma cha USB 2.0 kinachovuta megabaiti 20 kwa sekunde kitamaliza kadi ya 32GB kwa karibu nusu saa kama hakuna sekta mbovu. Zikiwapo sekta mbovu inaweza kuchukua usiku mzima. Kama mtaa wako umeme unakatika, tumia kompyuta mpakato yenye betri nzima.

Kwa kadi ambayo haina majeraha, Win32 Disk Imager kwenye Windows inatosha: chagua herufi ya kadi, andika mahali pa kuhifadhi na jina kama kadi.img, kisha bonyeza Read. Read, rafiki yangu. Kitufe cha jirani yake kinaitwa Write, nacho kinachukua faili la kwenye diski na kulimwaga juu ya kadi. Kiswichi cha Lock kitakukinga hapo, kisoma kikikitii, na ndiyo sababu nimekiwekea mkazo.

Kadi yenye majeraha inahitaji ddrescue, programu ya bure ya Linux iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz. Ubora wake ni subira: inachukua kwanza kila kinachosomeka kwa urahisi, inaruka palipo pagumu, kisha inarudi kupasumbua baadaye. Huhitaji kufunga Linux kwenye kompyuta yako. Weka SystemRescue kwenye flashi, washa kompyuta kupitia flashi hiyo, na humo utakuta ddrescue na PhotoRec tayari. Fungua dirisha la amri, andika lsblk uone majina ya diski, uitambue kadi kwa ukubwa wake, ingia kwenye diski yako ya nje, kisha:

ddrescue -d /dev/sdb kadi.img kadi.map

Hapo sdb ni mfano tu. Kadi yako inaweza kuwa sdc au mmcblk0, na kukosea jina hili ni kuipiga nakala diski nyingine kabisa. Faili la kadi.map ni kumbukumbu ya safari: umeme ukikatika, rudia amri ile ile nayo itaendelea ilipoishia. Mzunguko wa kwanza ukiisha, irudie ukiongeza -r3 ili izijaribu tena sekta ngumu mara tatu. Ukiona inakomba kilobaiti chache kwa saa nzima na kadi imekuwa ya moto, simamisha. Ulichokipata ndicho.

PhotoRec, chombo cha kwanza kujaribu

Programu za kurejesha picha ni nyingi na nusu yake zinajisifu mno. Mimi naanza na PhotoRec ya Christophe Grenier. Ni ya bure, haina kikomo cha gigabaiti, inasoma tu bila kuandika kwenye chanzo, na inapatikana kwa Windows, Mac na Linux. Inapakuliwa kutoka cgsecurity.org ikiwa kwenye furushi moja na ndugu yake TestDisk, na haihitaji kufungwa kwenye kompyuta: unafungua furushi, unabonyeza, inaanza.

Nguvu yake ni kwamba haijali orodha. Kila JPEG duniani huanza kwa baiti FF D8 FF, na PhotoRec inapita kadi nzima ikitafuta alama kama hizo za mwanzo. Ikiipata moja inaanza kunakili kutoka hapo hadi mwisho wa picha. Majina ya mafaili na folda yanapotea kwa njia hii, lakini saa ya kupigwa, aina ya kamera na lenzi vimo ndani ya picha yenyewe, kwa hiyo havipotei.

Fungua qphotorec, ile yenye madirisha. Kwenye orodha ya juu chagua kuongeza faili la diski, uionyeshe kadi.img. Mstari wa partisheni ukionekana uchague. Kama orodha imevurugika sana chagua diski nzima. Aina ya mfumo acha kwenye FAT/NTFS/HFS+. Halafu kuna Free na Whole. Free inatafuta kwenye nafasi zilizo huru tu, nayo inafaa kama ulifuta picha chache kwenye kadi nzima. Kadi ikiwa imeharibika chagua Whole. Kwenye File Formats futa zote, rudisha jpg, na kama unapiga RAW rudisha tif pia, kwa kuwa NEF za Nikon na CR2 za Canon zimejengwa juu ya muundo wa TIFF na PhotoRec inaziweka humo. Kama huna hakika na aina ya mafaili yako, acha zote zikiwa na tiki. Utapata takataka nyingi zaidi lakini hutakosa kitu. Mwisho chagua folda ya kupokelea, iliyo kwenye diski yako na kamwe si kwenye kadi, kisha bonyeza Search.

Utakachopata ni folda za recup_dir.1, recup_dir.2 na kuendelea, zimejaa majina kama f0245760.jpg. Usiogope. Namba hiyo ni sekta ambapo picha ilianzia, na kwa kuwa kamera hujaza kadi kwa mfululizo, ukizipanga kwa jina utazikuta zikifuatana karibu kama harusi ilivyokwenda: saluni, kanisani au msikitini, ukumbini. Zinazoanza na t ni vijipicha vidogo vilivyokuwa ndani ya picha kubwa. Ziweke kando usizitupe. Kuzipa majina ya tarehe, ExifTool ya Phil Harvey inafanya kwa amri moja:

exiftool "-FileName<DateTimeOriginal" -d "%Y%m%d_%H%M%S%%-c.%%e" .

Sasa zifungue moja moja. Kutakuwa na zilizo nzima, na kutakuwa na zile ambazo nusu ya juu ni bwana harusi na nusu ya chini ni kijivu, au kipande cha picha nyingine. Hizo ni picha zilizohifadhiwa vipande vipande. PhotoRec inategemea picha iwe imelala mahali pamoja kwa mfululizo, na inakuwa hivyo kadi ikifomatiwa kabla ya kazi na kujazwa bila kufutwa-futwa. Ile tabia ya kufuta picha mbaya moja moja wakati watu wanakula inaacha matundu kwenye kadi, na picha zinazofuata zinagawanywa kuyajaza. Siku kadi ikiwa nzima huoni madhara yake. Ikigoma, ndizo hizo nusu kijivu.

RAW iliyoharibika usiizike mapema. Karibu kila RAW imebeba JPEG ndani yake, ile unayoiona kwenye skrini ya kamera. Kwa NEF, exiftool -b -JpgFromRaw -w _ndani.jpg -ext nef . itaitoa, kwa CR2 weka PreviewImage badala ya JpgFromRaw na ubadilishe nef kuwa cr2. Kwa albamu inatosha kabisa.

Kama picha zilifutwa tu na kadi haina ugonjwa, Recuva ya Windows ni rahisi zaidi na mara nyingi inarudisha sehemu kubwa ya majina. TestDisk nayo ijaribu pale majina na folda yana thamani kwako: FAT32 ina nakala mbili za jedwali lake na nakala ya akiba ya sekta ya kuwashia, na TestDisk inajua kuzitumia. Programu za kulipia zina nafasi yake, hasa kwa video, lakini kanuni ni moja: toleo la bure likuonyeshe picha zako zikifunguka kwanza, ndipo utoe pesa. Zile zilizovunjwa kufuli zinazogawanywa bure kwenye Telegram ziache. Hutaki kuongeza virusi kwenye kompyuta yenye harusi ya watu.

Video nazigusa kwa ufupi kwa sababu ni ngumu. Faili la MP4 huandikiwa ramani yake mwishoni, kamera inapofunga rekodi. Betri ikifa katikati, ramani haipo na faili halifunguki ingawa video imo. Untrunc, programu ya bure, hujenga ramani hiyo ukiipa video nyingine nzima iliyopigwa kwa kamera ile ile na mipangilio ile ile kama kielelezo.

Pale isipowezekana

MicroSD iliyokuwa kwenye simu ina swali lake: je, ilifanywa sehemu ya kumbukumbu ya ndani? Tangu Android 6.0, ya mwaka 2015, simu inaweza kuimeza kadi hivyo, na ikiimeza huisimba. Nje ya simu ile, hiyo kadi ni kelele tupu. Tafuta kwanza kwenye pipa la taka la Google Photos, ambako picha zilizokuwa zimepandishwa mtandaoni hukaa siku 60 baada ya kufutwa.

Halafu kuna kadi feki, nazo masokoni kwetu zimejaa. Inaandikwa 128GB, kumbe ndani kuna 8 tu na programu ya kadi imefundishwa kudanganya. Dalili yake ni ya kipekee: picha za mwanzo ziko sawa, na kuanzia mahali fulani jina lipo, ukubwa upo, lakini hakuna inayofunguka. Hizo hazikuwahi kuandikwa popote, au ziliandikwa juu ya nyingine. Hapo hakuna cha kurejesha zaidi ya kilichomo kwenye zile gigabaiti za kweli. Kabla ya kuipeleka kadi mpya kazini ipitishe H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux. Zinaijaza kadi yote kisha zinasoma kuhakiki kama kilichoandikwa kimo.

Na kadi ambayo hakuna kisoma kinachoiona, au inayojitambulisha kuwa na megabaiti 32 badala ya gigabaiti 32, imeharibika kidhibiti chake. Programu haziwezi kuisaidia. Kuna maabara zinazosoma chipu ya kumbukumbu moja kwa moja; kwa microSD, ambayo ni kipande kimoja kisicho na sehemu za kutenganisha, wanakwangua rangi ya mgongoni na kuunga nyaya nyembamba kama unywele kwenye vituo vilivyofichwa humo. Ni kazi ghali. Uliza bei ya uchunguzi peke yake, na uliza kama usipopata picha unalipa. Usiiguse wewe kwa kisu wala gundi.

Mteja mwambie ukishajua kiasi kilichopatikana, na usimweke zaidi ya siku chache. "Zimepona sehemu hizi, zimepotea hizi" inasikilizika. Uliza wageni waliopiga kwa simu: mara nyingi ile dakika uliyokosa wewe ipo kwenye grupu la WhatsApp la kamati, ila waombe waitume kama dokumenti, kwa kuwa ikitumwa kama picha inabanwa na kupungua ubora.

Ikiwa kamera yako ina nafasi mbili za kadi, fungua menyu leo. Nikon nyingi hutoka dukani nafasi ya pili ikiwa kwenye Overflow, yaani inangoja ya kwanza ijae. Ibadilishe iwe Backup. Kwenye Canon tafuta Rec. to multiple. Kadi zote mbili ziwe na ukubwa sawa, maana kwa mpangilio huo ile ndogo ikijaa kamera inagoma kupiga, hata kama nyingine ina nafasi tele.